Mtoto Asiyeandikwa: Kanisa, Serikali na Watoto Waliozaliwa Wafu

1. Utangulizi

Katika vitabu vya usharika mna orodha ya waliobatizwa, ya waliopata Kipaimara, ya waliofunga ndoa na ya waliozikwa. Mtu anayetaka kujua historia ya usharika hana budi kuanza na vitabu hivyo. Lakini yuko mtoto mmoja ambaye kwa kawaida hatumkuti katika orodha hata moja, naye ni mtoto aliyezaliwa mfu. Hakubatizwa, maana hatubatizi wafu. Mara nyingi hakuzikwa na mchungaji pia, kwa kuwa katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto wa namna hii huzikwa siku ile ile na wanawake wachache, karibu na nyumba, bila kengele na bila matanga. Mama yake huambiwa anyamaze na kujipa moyo, kwamba Mungu atampa mwingine. Baada ya juma moja hakuna amtajaye tena, isipokuwa mama katika moyo wake.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya mtoto huyo, kwanza katika Kanisa, kisha katika serikali. Kwa upande wa Kanisa tutaangalia karne za kati na Matengenezo ya Kanisa. Kwa upande wa serikali tutaichukua nchi ya Uingereza, hasa England na Wales, kwa sababu huko tunaweza kufuata sheria moja baada ya nyingine kwa muda wa karne mbili. Mwisho tutarudi nyumbani Tanzania na kuuliza yatupasa nini sisi watumishi wa Neno.

Hoja yetu ni moja. Kuzuia mtoto asife kabla ya kuzaliwa, na kuwafariji wazazi waliofiwa, ni kazi zinazoingia kwa mlango mmoja. Mlango huo ni kukiri kwamba huyu alikuwa mtoto, na kwamba kifo chake ni kifo. Pale ambapo jambo hilo halikukiriwa, faraja imegeuka kuwa kunyamazishana, na kinga haikuanza kabisa.

2. Kanisa la Kale na hofu ya akina mama

Katika karne ya 5 Augustino, akishindana na Pelagio juu ya dhambi ya asili, alifundisha kwamba watoto waliokufa bila ubatizo hawawezi kuuona ufalme wa Mungu, ingawa alikubali kwamba adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Walimu wa karne za kati waliona ugumu wa fundisho hilo wakajaribu kulipunguza makali. Wakasema juu ya mahali paitwapo limbo, ambapo watoto hao hawateswi, lakini pia hawamwoni Mungu. Katika maisha ya watu fundisho hilo lilionekana makaburini: mtoto asiyebatizwa hakuzikwa katika ardhi iliyowekwa wakfu pamoja na baba zake.

Tunaweza kuona uzito wa jambo hili katika kijiji cha Oberbüren, katika jimbo la Bern nchini Uswisi. Hapo palikuwa na kanisa la Maria ambalo watu waliliendea kutoka mbali wakibeba watoto waliozaliwa wafu. Mwaka 1486 Askofu wa Konstanz alilalamika kwa Papa juu ya desturi ya mahali hapo. Alieleza kwamba mtoto mfu alipashwa moto kwa makaa na mishumaa, kisha unyoya mwepesi ukawekwa juu ya midomo yake. Unyoya ukitikisika, ilisemwa kwamba mtoto amevuta pumzi. Akabatizwa upesi, kisha akazikwa katika ardhi takatifu. Askofu alitaja kwamba watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wamekwisha kuletwa. Bern ilipoyapokea Matengenezo ya Kanisa mwaka 1528, desturi hiyo ilikomeshwa. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mahali hapo katika miaka ya 1990, walikuta mifupa ya watoto wadogo wapatao 250.

Tusiharakishe kuwacheka watu hao. Baba aliyetembea siku kadhaa na maiti ya mtoto kifuani hakuwa anatafuta muujiza wa kuwaonyesha jirani zake. Alikuwa anatafuta kaburi, na neno moja la kwenda kumwambia mkewe. Kanisa lilikuwa limemwambia kwamba mtoto wake hana mahali. Yeye akatafuta njia ya kumpatia mahali. Kosa kubwa halikuwa lake.

3. Neno la Luther la mwaka 1542

Matengenezo ya Kanisa hayakuliondoa swali hili. Pengine yalilizidisha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linafundisha katika kifungu cha 9 kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu, na kwamba watoto nao wabatizwe. Ikiwa ndivyo, mama Mlutheri aliyezaa mtoto mfu angejibiwa nini?

Mwaka 1542 Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji wa Wittenberg, alichapisha ufafanuzi wa Zaburi ya 29, na ndani yake akazungumza juu ya ubatizo wa watoto, na juu ya watoto ambao haikuwezekana kuwabatiza. Luther aliongeza mwishoni maandiko mafupi ya kuwafariji wanawake ambao uzazi wao haukwenda vema. Jambo hili halikuwa geni nyumbani mwake. Binti yake Elisabeth alikuwa amefariki mwaka 1528 akiwa bado mchanga, na mwanzoni mwa mwaka 1540 mkewe Katharina mimba ilimharibikia akaugua hata karibu kufa.

Mambo matatu katika maandiko hayo yanatuhusu. La kwanza, Luther anakataza watu wasiwatishe akina mama hao kwa maneno makali wala kuwahuzunisha zaidi, maana halikuwa kosa lao. Anawatenga wale waliopuuza kwa makusudi, lakini mama aliyeitunza mimba yake asifikiri kwamba Mungu amemkasirikia. La pili, anasema kwamba shauku ya mama ya kumleta mtoto wake kwa Mungu ni sala ya kweli, hata kama haikupata maneno. Hapa anakumbuka kuugua kusikoweza kutamkwa katika Warumi 8:26, na Musa penye Bahari ya Shamu katika Kutoka 14:15, ambaye Mungu alimwambia kwamba analia, hali Maandiko hayataji neno hata moja alilolisema. La tatu, ambalo ndilo zito, Mungu hakuufunga uweza wake ndani ya sakramenti. Sisi ndio tuliopewa sakramenti na kuamriwa kuzitumia. Yeye amefanya agano nasi kwa Neno lake, naye anaweza kuokoa pale ambapo mkono wetu haukufika na maji.

Tutazame vizuri alichokifanya Luther. Hakulegeza fundisho la ubatizo. Hakusema pia kwamba anajua siri zote za Mungu juu ya mtoto huyo. Alimwendea mama kwanza, akamwondolea hatia ambayo si yake, kisha akamweka mtoto mikononi mwa Mungu aliye mkuu kuliko desturi zetu. Kanisa Katoliki nalo liliendelea kulitafakari swali hili, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kitheolojia ya Roma ilitoa waraka uliosema kwamba ziko sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto waliokufa bila ubatizo.

4. Serikali inaanza kuhesabu

Sasa tugeukie Uingereza. Kitabu cha Sala cha Kanisa la England cha mwaka 1662 kiliagiza kwamba ibada ya maziko isitumike kwa mtu aliyekufa bila kubatizwa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mfu hakuwa na ibada. Mwaka 1836 Bunge lilipitisha sheria ya kuandikisha vizazi na vifo kwa England na Wales, nayo ikaanza kutumika Julai 1837. Sheria hiyo haikuwahusu waliozaliwa wafu: hawakuandikwa katika vizazi kwa kuwa hawakuishi, wala katika vifo kwa kuwa hawakuzaliwa hai. Hivyo mtoto aliyekosa nafasi katika kitabu cha Kanisa alikosa nafasi katika kitabu cha serikali pia.

Serikali ilipoanza kumtazama, ilimtazama kwa jicho la askari. Watu walishuku kwamba baadhi ya watoto waliozikwa kama wafu walikuwa wamezaliwa hai, kisha wakauawa. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 1874 ilikataza kumzika mtoto aliyezaliwa hai kana kwamba alizaliwa mfu, ikataka pawepo cheti au tamko kabla ya mtoto mfu kuzikwa makaburini. Hapo kilichotafutwa kilikuwa kosa la jinai. Sababu ya mtoto kufa tumboni, na hali ya mama yake, hazikuulizwa.

Sheria ya mwaka 1926 ilikwenda mbele zaidi. Kuanzia Julai 1927 kila mtoto aliyezaliwa mfu baada ya juma la 28 la mimba alipaswa kuandikishwa. Kwa mara ya kwanza taifa liliweza kujua ukubwa wa msiba wake, nao ulikuwa mkubwa: katika miaka ile ya mwanzo, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 40 hivi walizaliwa wafu.

Kazi ya hesabu hiyo ilionekana baada ya miaka michache. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, chakula kilipungua na serikali ikaanza kukigawa kwa vipimo. Tungetazamia kwamba vifo vya watoto vingeongezeka. Lakini mwaka 1940 serikali iliweka mpango wa kuwapa akina mama wajawazito na watoto wadogo maziwa kwa bei nafuu, na maskini bure. Wajawazito wakapewa pia nafasi ya kwanza katika vyakula vingine. Mwaka 1939 watoto waliozaliwa wafu walikuwa 38 hivi katika kila 1,000; mwaka 1945, mabomu yakiwa yamekwisha kuanguka miaka mitano juu ya miji yao, walikuwa wamepungua hata 28 hivi. Wachunguzi wengi walitaja chakula cha wajawazito kuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Hapa pana fundisho kwa mwanatheolojia. Kabla ya mwaka 1927 wahubiri wangeweza kusema, bila mtu kuwapinga, kwamba watoto wale 40 katika 1,000 walichukuliwa kwa mapenzi ya Mungu. Mwaka 1945 ilionekana wazi kwamba zaidi ya robo ya hao walikuwa wakifa kwa sababu ambazo mkono wa binadamu ungeweza kuziondoa. Mapenzi ya Mungu hayakuwa yamebadilika katika miaka sita. Kilichobadilika kilikuwa kikombe cha maziwa.

5. Ukimya wa hospitali

Tungedhani kwamba baada ya kuandikwa, mtoto huyo angeombolezwa pia. Haikuwa hivyo. Baada ya vita wanawake wengi wa Uingereza walianza kujifungulia hospitalini, na vifo viliendelea kupungua. Uchunguzi mkubwa wa taifa uliofanywa mwaka 1958, uliohusu watoto wapatao 17,000 waliozaliwa katika juma moja la mwezi Machi, ulisaidia kufahamu sababu za vifo, pamoja na madhara ya mama mjamzito kuvuta sigara. Lakini katika wodi zile zile mtoto mfu alifunikwa akaondolewa upesi. Mara nyingi mama hakumwona, wala hakujua alizikwa wapi. Hospitali nyingi zilishughulikia maziko zenyewe, na watoto wengi waliwekwa katika makaburi ya pamoja. Waliofanya hivyo walidhani kwamba wanamhurumia mama, asije akashikwa na jambo ambalo afadhali alisahau.

Katika miaka ya 1970 watu walianza kulipinga wazo hilo. Mwaka 1976 daktari wa magonjwa ya akili Emanuel Lewis aliandika kwamba ukimya huo huwafanya wazazi waomboleze kitu kisicho na umbo, na kwamba ni vema wasaidiwe kumwona mtoto wao, kumpa jina na kumzika. Mwaka 1978 wazazi waliofiwa walianzisha chama kiitwacho Sands, ili wasaidiane na kudai mabadiliko. Inafaa tukumbuke kwamba badiliko hili halikuanzia katika wizara wala katika baraza la Kanisa. Lilianzia kwa akina mama waliokataa kunyamaza. Raheli wa Yeremia 31:15, aliyekataa kufarijiwa, hakukosea.

Tangu hapo sheria ilifuata. Sheria ya mwaka 1992 iliteremsha mpaka kutoka majuma 28 hadi 24. Hivyo mtoto wa majuma 25, ambaye mwezi Septemba mwaka ule hakuwa mtu katika daftari, alikuwa mtu mwezi Oktoba. Sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Aprili 2020, inawapa wazazi wafanyakazi waliofiwa na mtoto, pamoja na mtoto aliyezaliwa mfu baada ya majuma 24, likizo ya majuma mawili ya kuomboleza. Mwaka 2024 serikali ya England ilianza kutoa cheti cha hiari kwa wazazi ambao mimba yao iliharibika kabla ya juma la 24.

6. Sera ya taifa yenye mikono miwili

Katika miaka ya karibuni Uingereza imejaribu kuunganisha kinga na faraja. Mwaka 2015 serikali ilitangaza nia ya kupunguza watoto wanaozaliwa wafu England kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2017 ikausogeza mwaka huo hadi 2025. Mwaka 2016 hospitali zilipewa mwongozo wa mambo manne: kuwasaidia wajawazito kuacha sigara, kupima ukuaji wa mtoto tumboni, kumwonya mama asikae nyumbani akiona mtoto amepunguza kucheza, na kusikiliza vizuri mapigo ya moyo wa mtoto wakati wa uchungu. Kwa upande wa faraja, kuanzia mwaka 2017 uliwekwa utaratibu wa taifa wa kuwahudumia waliofiwa: chumba cha faragha, mkunga aliyefundishwa, nafasi ya kukaa na mtoto, na wazazi kusikilizwa kifo kinapochunguzwa.

Matokeo yake ni ya kutia moyo, lakini hayakutimiza nia. Mwaka 2010 watoto waliozaliwa wafu England na Wales walikuwa 5.1 katika kila 1,000. Kufikia mwaka 2019 walikuwa wamepungua hata 3.8 hivi. Baada ya hapo mwendo ulisimama, na nusu iliyotarajiwa haikufikiwa. Tena, hesabu ile ile imefichua aibu nyingine: watoto wa akina mama weusi huzaliwa wafu mara mbili na zaidi kuliko watoto wa akina mama weupe. Hesabu nzuri haimwachi aliyehesabu apumzike.

7. Dunia nzima na nyumbani kwetu

Umoja wa Mataifa ulipoweka Malengo ya Milenia mwaka 2000, ulihesabu vifo vya akina mama na vya watoto chini ya miaka mitano. Waliozaliwa wafu hawakutajwa. Malengo ya mwaka 2015 yaliwataja watoto wachanga, lakini waliozaliwa wafu wakaachwa tena. Hata hivyo mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilikubali mpango wa watoto wachanga ambao unaitaka kila nchi ifikie, mwaka 2030, watoto wafu 12 au pungufu katika kila 1,000. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2019 yalionyesha karibu watoto milioni 2 waliozaliwa wafu baada ya juma la 28 katika mwaka mmoja, karibu nusu yao wakiwa wa Afrika kusini ya Sahara. Zaidi ya wanne katika kila kumi walifariki wakati wa uchungu. Maana yake waliingia saa ya kuzaliwa wakiwa hai.

Tanzania haikukaa bure. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Mpango mkakati wa mwaka 2008 hadi 2015 wa kupunguza vifo vya akina mama na watoto ulifuatwa na mwingine wa mwaka 2016 hadi 2020, kisha wa tatu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Tangu mwaka 2015 uko pia mwongozo wa taifa unaotaka vifo vya akina mama, na vya watoto wafao karibu na saa ya kuzaliwa, vijadiliwe na wahudumu ili sababu yake ijulikane na kuondolewa.

Sababu zenyewe wakunga wetu wanazifahamu: kaswende na malaria katika mimba, kifafa cha mimba, kondo la nyuma kuachia mapema, uchungu uliochukua muda mrefu mno, rufaa iliyochelewa, barabara isiyopitika, mapigo ya moyo wa mtoto yasiyosikilizwa kwa kuwa mkunga ni mmoja na wazazi ni wengi. Kaswende hupimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa penisilini. Nyingi kati ya hizi zinazuilika.

Tunao mfano wa nchini mwetu ambao unamrudisha msomaji kwenye unyoya wa Oberbüren. Kuanzia mwaka 2009 wakunga katika hospitali 8 za Tanzania walifundishwa jinsi ya kumsaidia mtoto asiyepumua: kumkausha, kumsugua mgongo, na ndani ya dakika ya kwanza kumpulizia hewa kwa kifuko chenye kinyago. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Watoto waliokufa katika siku ya kwanza walipungua kwa asilimia 47, na wale walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu karibuni, yaani ambao miili yao haikuwa imeanza kuharibika, walipungua kwa asilimia 24. Maana yake ni nzito: baadhi ya watoto ambao zamani walifunikwa kanga na kuandikwa wafu walikuwa hai, ila walikosa mtu wa kuwapulizia hewa. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955, imekuwa mahali mojawapo pa utafiti huu. Mpango mwingine wa mafunzo uliohusu vituo 30 katika mikoa mitano, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba vifo vya watoto karibu na saa ya kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 18.

Baba wa Oberbüren alitafuta pumzi ya mtoto ili abatizwe. Mkunga wa Haydom anaitafuta ili mtoto aishi. Wote wawili wamekataa kukubali upesi kwamba mtoto huyu si kitu. Tofauti ni kwamba wa pili amefundishwa na kupewa chombo.

8. Yatupasayo watumishi wa Neno

Kwanza, tuangalie vinywa vyetu. Mchungaji akiitwa katika nyumba yenye msiba huu na kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, huenda anafunga mdomo wa mama na pia anafunga swali ambalo lingemwokoa mtoto wa jirani. Ikiwa mama alikaa saa kumi katika zahanati akingoja gari, tusimtwike Mungu saa hizo kumi. Lakini kuna hatari ya upande wa pili pia. Swali la sababu linaweza kugeuka kuwa shtaka: alibeba mzigo mzito, alikula kitu fulani, alikwenda kwa mganga, mumewe hakuwa mwaminifu, au yuko aliyewaroga. Hapo yatupasa kusimama na Luther. Mama asitishwe. Sababu itafutwe kwa ajili ya kuokoa, katika mkutano wa wahudumu wa afya, wala isitafutwe kilioni kwa ajili ya kulaumu.

Pili, tuzike. Hatumbatizi mtoto mfu, wala hatuna haja ya kufanya hivyo, maana wokovu wake hautegemei unyoya. Lakini hakuna kitu katika ungamo letu kinachotukataza kwenda kaburini kwake, kusoma Zaburi ya 139 isemayo juu ya kiumbe ambaye Mungu alimwona kabla hajakamilika, kumtaja kwa jina ambalo wazazi wamempa, na kumkabidhi kwa Mungu. Biblia yenyewe haikumsahau mtoto huyu. Ayubu 3:16 na Mhubiri 6:3–5 zinamtaja, tena katika maneno ya uchungu usiofichwa. Baba naye asiachwe nje. Desturi zetu nyingi humfanya mwanamume aonekane kana kwamba hakufiwa.

Tatu, tutoe likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku nyingine 84 mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Ni sheria yenye huruma. Lakini wanawake walio wengi katika sharika zetu ni wakulima na wachuuzi, wasio na mwajiri. Likizo yao iko mikononi mwa mume, mama mkwe na majirani. Mama aliyejifungua mtoto hai huachwa apumzike na kupewa uji na supu. Aliyejifungua mfu mara nyingi huonekana shambani baada ya siku chache, maziwa yakimuuma kifuani. Umoja wa Wanawake wa usharika waweza kuamua kwamba mama huyu atapikiwa na kuchotewa maji kwa siku zile zile ambazo angepewa mzazi mwingine. Jambo hili halihitaji kibali cha Bunge.

Nne, tuandike. Tunapendekeza kwamba katika kitabu cha waliozikwa, watoto hawa nao waandikwe: jina, wazazi, tarehe na mahali. Mchungaji atakayeona katika ukurasa mmoja majina saba kutoka kitongoji kimoja cha ng'ambo ya mto hatahitaji mtaalamu wa kumweleza kwamba daraja linahitajika. Atakuwa na la kusema mbele ya halmashauri ya kijiji na ya wilaya, na atakuwa na ushahidi mkononi.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mtoto aliyezaliwa mfu aliachwa nje kwanza na Kanisa kwa ajili ya ubatizo, kisha na serikali kwa ajili ya daftari, kisha na hospitali kwa ajili ya huruma iliyopotoka, na mwisho na mataifa katika malengo yao. Tumeona pia kwamba kila mara alipoingizwa ndani, kitu fulani kilibadilika: neno la mwaka 1542 liliwaondolea akina mama hofu, daftari la mwaka 1927 lilionyesha kazi ya maziwa, na chama cha mwaka 1978 kilifungua mlango wa chumba cha wafu ili mama amwone mwanawe.

Katika nchi yetu serikali inayo mipango na miongozo, na hospitali zetu za Kanisa zimefanya kazi ambayo dunia imejifunza kwayo. Kilichobaki katika sharika ni kazi yetu sisi. Mwanafunzi atakayemaliza masomo yake mwaka huu na kupelekwa usharikani, kabla ya mvua mbili hazijapita, ataitwa katika nyumba ya namna hii. Aende. Akifika aulize jina la mtoto, na jina hilo aliandike.